Kalipa ya bei rahisi na Mswidi mwenye cherehani

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, na sababu si kazi ya ofisini wala intaneti kukatika. Sababu ni shafti moja ya chuma niliyoiharibu huku nikijiona mjanja. Kwa hivyo leo tuache kidogo mambo ya programu na hifadhidata. Ninataka kuwasimulia historia ya kalipa ya kidijitali, kile kifaa chenye mataya mawili na kioo kidogo cha nambari ambacho siku hizi kimejaa madukani. Yangu niliinunua mjini kwa pesa isiyofika bei ya gunia moja la mahindi, na kwa miaka miwili nilipima nayo kila kitu nyumbani: misumari, waya, unene wa chapati (msicheke).

Mama yangu ana mashine ya kusaga posho kijijini, upande wa Machakos. Beringi ilikufa, na katika kufa kwake ikaila shafti. Beringi yenyewe ni namba 6205. Aliyewahi kushika moja anajua kwamba tundu lake ni milimita 25, kipenyo cha nje ni 52 na upana ni 15, uinunue Nairobi au Osaka. Nikamwendea mzee mmoja mkerezaji wa jua kali hapa Nairobi anichongee shafti mpya. Mzee akatoa venia yake ya zamani, alama zimefifia mpaka uishike juani ndipo uzione. Nikamwambia, "Mzee, weka hiyo. Ninayo ya kidijitali." Akaniangalia kidogo, akasema, "Haya kijana wangu, wewe ndiye mwenye macho."

Kalipa ikasoma 25.06. Nikamwambia apunguze kidogo. Ikasoma 25.03. Kidogo tena. Iliposoma 25.01 nikasema basi, hapo hapo. Nilipofika nyumbani beringi iliingia kwenye shafti kama pete kwenye kidole cha mtu aliyekonda. Beringi ikiwa huru namna hiyo huzunguka juu ya shafti na kuichimba, na baada ya wiki mbili uko pale pale ulipoanzia. Majirani walibeba mahindi hadi soko la mbali siku nne zaidi. Mama hakusema neno. Ni heri angesema.

Ningeweza kuilaumu China na kulala. Lakini swali lilinikera: nambari iliyoandikwa wazi kwenye kioo, hadi sehemu ya 100 ya milimita, inawezaje kukosea? Ndipo nikaanza kusoma, na nikajikuta Ureno.

Pedro Nunes alikuwa mwanamahesabu wa mfalme wa Ureno katika karne ile merikebu za Wareno zilipokuwa zikitia nanga Malindi na Mombasa. Mwaka 1542 alichapisha namna ya kusoma sehemu ndogo za nyuzi kwenye vyombo vya kupimia nyota, kwa kuweka mizani kadhaa zenye migawanyo tofauti. Ilikuwa hesabu nzuri na kazi ngumu. Mwaka 1631 Mfaransa Pierre Vernier akairahisisha: mizani moja kubwa isiyosogea, na ndogo inayoteleza kando yake ikiwa na migawanyo iliyopungua kidogo tu. Unatafuta mstari mmoja unaolingana na mwenzake, basi. Jina lake ndilo hilo tunaloita venia. Mwaka 1851 Mmarekani Joseph R. Brown, wa mji wa Providence, akaiweka mizani hiyo kwenye kalipa ambayo fundi wa kawaida angeweza kununua, yenye kusoma hadi sehemu ya 1,000 ya inchi. Tangu siku hiyo umbo la kalipa halijabadilika kwa maana: ubao, taya moja lisilosogea, na jingine linaloteleza. Shikilieni hilo, tutalirudia.

Sasa tufike kwa mtu ninayempenda katika hadithi hii. Carl Edvard Johansson alizaliwa Uswidi mwaka 1864 na akafanya kazi katika kiwanda cha serikali cha bunduki mjini Eskilstuna. Wakati huo kila kipimo kiwandani kilikuwa na kigezo chake cha chuma. Bunduki moja ilikuwa na sehemu nyingi, na kila sehemu vipimo vyake, kwa hiyo vigezo vilijaa makabati. Mwaka 1894 kiwanda kilimtuma na wenzake Oberndorf, Ujerumani, kwenye kiwanda cha Mauser, na huko akakuta hali hiyo hiyo, makabati makubwa zaidi. Akiwa kwenye garimoshi la kurudi nyumbani mwaka 1896 akaanza kupiga hesabu. Je, kama mtu angekuwa na vipande vichache vya chuma vilivyo sahihi sana, akavipanga juu ya vingine kama vile sisi tunavyopanga noti na sarafu kutimiza nauli? Alipata jibu la vipande 102. Kwa hivyo tu ungeweza kujenga kipimo chochote kutoka milimita 1 hadi 201, kwa hatua za 0.01. Hivyo ni vipimo 20,000 ndani ya kisanduku kimoja.

Mwandishi yeyote wa programu atajua furaha ya wazo kama hilo. Lakini wazo lilihitaji chuma, na chuma kilihitaji kusuguliwa mpaka kipande kimoja kikiwekwa juu ya kingine vigandane bila gundi. Johansson alitoa vipande vilivyochongwa kiwandani akavipeleka nyumbani, akachukua cherehani ya mkewe na kuigeuza mashine ya kusugua. Ndiyo, cherehani, kama ile ya mama zetu. Vipande vya kipimo ambavyo baadaye viwanda vya magari vya Marekani vilivitegemea vilikamilishwa kwanza nyumbani kwa mtu, kwenye mashine ya kushonea nguo. Hataza yake ya Uswidi ilitolewa mwaka 1901, na mwaka 1923 Henry Ford alimwajiri kabisa Marekani.

Johansson alifanya jambo jingine ambalo limo ndani ya kalipa yangu hadi leo. Inchi ya Marekani na inchi ya Uingereza hazikuwa sawa. Moja ilizidi milimita 25.4 kwa kiasi kidogo mno, nyingine ikapungua. Alipotaka kuuza vipande vya inchi pande zote mbili, yeye akachagua 25.4 kamili, kwa chuma chenye joto la nyuzi 20. Fundi mmoja tu, hana cheo cha serikali. Viwanda vilimfuata, nyuzi 20 zikakubaliwa kimataifa mwaka 1931, na mwaka 1959 nchi zinazotumia Kiingereza zikatia sahihi kwamba inchi ni milimita 25.4 kamili. Wakati huo yeye alikuwa amefariki miaka 16 nyuma.

Sasa umeme unaingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni yenye jina lake, C.E. Johansson, ilitoa kalipa ya kidijitali iliyoitwa Jocal. Werevu uliokuwa ndani yake ulikuwa wa Mswidi mwingine, Ingvar Andermo, mwenye hataza ya Marekani namba 4,420,754 ya mwaka 1983. Nitaieleza kwa sababu ndiyo ile ile iliyomo kwenye kalipa ya duka la pembeni.

Chini ya stika ile yenye alama za inchi na sentimita kuna ukanda wa bodi ya sakiti, na juu yake vipande vya shaba vilivyopangwa kwa mchoro unaojirudia. Kwenye kichwa kinachoteleza kuna vipande vingine vya shaba. Vya juu na vya chini havigusani. Kila kimoja na mwenzake vinakuwa kapasita ndogo. Chipu hupeleka mawimbi ya umeme kwenye vipande vya juu, kila kimoja kikiwa kimechelewa kidogo nyuma ya mwenzake, halafu husikiliza yanayorudi. Kichwa kikisogea, mawimbi yanayorudi huchelewa au kuwahi. Kutokana na huko kuchelewa chipu inajua iko wapi ndani ya mchoro mmoja. Haitumii lenzi, taa wala gurudumu la meno, na ndiyo maana inaweza kuishi kwa betri ya ukubwa wa kifungo cha shati.

Lakini mchoro mmoja unafanana na wa pili na wa tatu. Ili kujua uko kwenye upi, chipu inahesabu: mmoja, miwili, mitatu, kama mtu anayetembea gizani akihesabu hatua. Ukitoa betri, hesabu inapotea. Ukikimbiza kichwa kwa kasi kupita kiasi inaweza kuruka hatua nzima, ingawa kosa hilo ni la milimita tano na ushee, utaliona mara moja. Na hapa ndipo penye kituko ambacho wengi hawakijui: kitufe cha kuzima hakizimi kitu. Kinazima kioo. Chipu inabaki macho usiku kucha ikihesabu, kwa sababu ikilala itasahau sifuri iko wapi. Ikiwa inakula mikroampea 20, betri ya milliampea-saa 150 itakwisha kwa saa 7,500, yaani karibu miezi 10, hata kama hukupima chochote.

Andermo mwenyewe aliuona udhaifu huo. Mwaka 1989 jina lake linatokea tena kwenye hataza ya Marekani namba 4,879,508, safari hii mali ya kampuni ya Kijapani Mitutoyo. Sasa kuna zaidi ya mchoro mmoja, yenye urefu tofauti, na ukiisoma pamoja unajua mahali ulipo bila kuhesabu hatua. Kalipa ya aina hiyo inaweza kulala kweli na kuamka ikiwa na akili zake. Ndiyo sababu mtu mwenye Mitutoyo halisi anaweza kusahau betri kwa miaka.

Hataza huisha. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ile ya kwanza ya Andermo ilikuwa imemaliza muda wake, na kalipa za China za aina hiyo ya kuhesabu hatua zikaenea duniani, zikipungua bei mwaka hadi mwaka. Nyingi zina kifuniko kidogo cha kuteleza upande mmoja, na chini yake vipande vinne vya shaba. Hiyo ni njia ya data! Hakuna maelezo ndani ya sanduku, lakini wapenda mashine wa nchi mbalimbali waliuchunguza mlango huo kimya kimya na kujua unasema nini, wakaanza kuziunganisha na mashine zao za kukereza.

Nami sikuweza kujizuia. Usiku mmoja niliunganisha yangu na Arduino. (Angalizo: mawimbi yake ni ya volti 1.5 tu, Arduino ya volti 5 haiyasikii vizuri, weka transista katikati.) Yangu ni ya mtindo wa zamani, hutuma namba mbili za biti 24 kila moja. Nikafungua taya hadi kioo kikasema 25.40, na kwenye kompyuta ikaja 20480. Nilikaa kimya nikiitazama. Kwa mtu wa programu hiyo si namba ya kawaida. Ni 4096 mara 5. Mchoro wa shaba unajirudia kila sehemu ya 5 ya inchi, yaani milimita 5.08, na chipu inaugawa mara 4096. Kumbe kifaa kilichotengenezwa China, nchi ya milimita, nikakinunua Kenya, nchi ya milimita, moyoni mwake kinafikiri kwa inchi! Milimita ninayoiona kwenye kioo ni tafsiri tu, na tafsiri hiyo inapitia 25.4 ya Johansson. Milimita 25 kamili haipo kabisa ndani ya kalipa hiyo. Iko mahali fulani kati ya 20157 na 20158. (Kuna mpya zaidi zinazotuma biti 24 mara moja tu, zikiwa tayari na milimita, kwa hivyo yako inaweza isifanane na yangu.)

Hatua moja ya chipu ni kama mikroni 1.24. Kwa hivyo si umeme ulionidanganya kwenye shafti. Upande wa umeme, kalipa yangu ya bei rahisi inaona vizuri kuliko inavyoonyesha.

Basi kosa lilikuwa wapi? Tukirudi Ujerumani, mwaka 1890 Ernst Abbe alieleza kanuni ambayo mafundi wa vipimo wanaiheshimu kama sheria: kitu unachopima na mizani unayopimia viwe kwenye mstari mmoja. Mikromita, ile yenye skrubu ambayo Mfaransa Jean Laurent Palmer aliipatia hataza mwaka 1848, inaifuata. Kalipa haiifuati. Mizani iko kwenye ubao, na shafti iko huku chini kwenye mataya. Kichwa kikiwa na uhuru kidogo kwenye ubao, taya linainama. Uhuru wa 0.02 kwenye kichwa chenye urefu wa milimita 30 unakuwa karibu 0.03 ukishuka milimita 40 kwenye ncha ya taya. Kalipa ya Brown ilikuwa na tatizo hilo na yangu inalo. Tofauti ni kwamba kalipa nzuri kichwa chake kimekazwa vizuri, na hata hiyo mtengenezaji wake huahidi kukosea kwa 0.02 kwenda juu au chini. Vioo vyetu vyote huonyesha 0.01.

Nilipoenda kwa mzee siku ile nilifunga mataya kwa nguvu zote za kidole gumba, nikabonyeza sifuri. Taya lilikuwa limeinama. Baadaye shafti ikiwa moto imetoka kuchongwa, nikaigusa kwa woga, kidogo tu. Nimejaribu tena mezani: nikifunga kwa nguvu na kuweka sifuri, kisha nikafunga polepole, kioo kinasema 0.03. Yaani kila nilichopima siku ile kilisomeka kikubwa kuliko kilivyo kwa 0.03. Ongeza joto: chuma cha milimita 25 kikiwa na nyuzi 40 zaidi kinavimba kwa 0.01 na kidogo, halafu kinapoa kikiwa njiani kuelekea Machakos. Toa hivyo viwili kwenye 25.01 unapata 24.97. Beringi ililegea kama ilivyopaswa kulegea.

Na hata ningefanya kila kitu sawasawa, bado. Kiti cha beringi kama ile kinatakiwa kuzidi 25 kwa mikroni chache, kati ya 2 na 15 kwa kawaida. Nilikuwa nauliza swali la mikroni 13 kwa kifaa chenye shaka ya mikroni 20 kila upande. Miaka yote tangu 1980 umeme ulirahisisha kusoma. Mataya yalibaki ya 1851.

Tangu hapo nimebadilisha mazoea machache. Ninafuta mataya kwa karatasi kwanza, nafunga kwa nguvu ile ile nitakayopimia, na napima karibu na ubao badala ya kwenye ncha. Ubao nauweka mkavu, maana jasho na mafuta yakiingia kati ya shaba na shaba nambari huanza kucheza. Zikiwa zinawaka na kuzimika zenyewe, ni betri; ile ya SR44 inashikilia volti zake karibu mpaka mwisho, LR44 inashuka pole pole. Na kwa kuwa sina kisanduku cha Johansson, nimeweka mezani beringi mpya ya 608. Kipenyo chake cha nje ni milimita 22, na kiwango cha kawaida hakiruhusu ipungue hata 0.01. Kalipa isiyosema 22.00 au karibu sana hapo, siiamini siku hiyo.

Shafti ya pili mzee aliichonga bila mimi kuongea. Aliazima mikromita kwa jirani yake, akamwagia shafti maji, akangoja, akapima. Halafu akachukua beringi yenyewe na kuijaribu kwenye ncha aliyokuwa ameiacha nyembamba kidogo makusudi. Ilishika, ikakataa kwenda mbali. Akasema imetosha, iliyobaki ni bomba na nyundo. Mashine inasaga hadi leo ninapoandika.

Alipomaliza akaniomba ile ya kidijitali apimie urefu wa shafti, maana urefu si kitu cha kugombania mikroni, na macho yake yamechoka na ile venia. Nikamwachia. Juzi amenipigia simu kulalamika kwamba anaizima kila jioni kabla ya kufunga kibanda, na bado betri imekufa.